Sanamu Lisiloshuka na Kaburi la Zuwena

Nchi yetu ina jina zuri, lakini kwa sasa haliruhusiwi kutajwa mpaka kamati iliyopewa kazi ya kulipamba imalize vikao vyake. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, nanyi wajukuu zangu mtanielewa. Msiitafute kwenye ramani. Ramani nazo zimechukuliwa zikarekebishwe.

Mimi ni Bi Mwaka, mwanamke wa Chumvini. Kazi yetu Chumvini ilikuwa chumvi. Tunaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa ya udongo yasiyo na kina, tunaliachia jua lifanye yake, kisha tunakwangua. Nimesoma mpaka darasa la nne. Gazeti nalisoma, na barua naisoma nikiandikiwa kwa herufi kubwa. Pale nisipoelewa nitasema sikuelewa. Serikali yetu ina mambo mengi ambayo mtu wa darasa la nne hawezi kuyaelewa, nami siilaumu kwa hilo.

Katika mji mkuu, ambao uko pwani kama sisi, lipo sanamu la Mwasisi wa taifa. Ni la shaba, refu kupita minazi, mkono mmoja ameuinua kama mtu anayeiambia mvua isubiri. Miguuni pake ipo Chemchemi ya Shukrani, inayorusha maji matamu juu mchana kutwa ili Mwasisi asipate joto. Maji hayo yalitoka Chumvini. Walikuja wahandisi wenye adabu sana, wakachimba visima virefu mno, wakafunga mashine, wakavuta maji yaliyokuwa chini ya miguu yetu na kuyapeleka kwa bomba mpaka mjini. Mmoja wao, kijana mwembamba, alinibebea kuni zangu mpaka mlangoni na hakutaka hata maji ya kunywa. Siku ya uzinduzi tulipewa cheti chenye picha ya chemchemi, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa yameshaondoka.

Baada ya hapo ardhi yetu ikaanza kuwa na uchovu. Milango iligoma kufunga. Ukuta wa msikiti ulipata ufa, fundi akauziba, ukafunguka tena pembeni. Na maji ya bamvua, yale makubwa yanayokuja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mchanga, zamani yalifika kwenye mikoko yakasita na kurudi. Sasa yakawa yanaingia mtaani bila hodi. Jirani yangu Bi Semeni, ambaye hanyamazi hata akiumwa jino, alikuwa anayafukuza kwa ufagio.

"Tokeni! Kwani hapa kwenu? Mna shemeji humu?"

Nilizaa mtoto mmoja tu, Zuwena. Alifariki siku aliyojifungua, akaniachia binti, nami nikampa jina Hidaya. Zuwena tulimlaza katika makaburi ya Chumvini, upande wa bahari, kwa sababu alipokuwa hai alipenda upepo. Nikamwekea jiwe la tumbawe kichwani, halina maandishi, mimi nalijua. Bamvua la kwanza kufika makaburini lililowesha miguu yake. Nikasema si kitu. La pili likafika kifuani. Hapo sikusema neno. Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu: nimtoe mwanangu pale, nimpeleke Vilimani, mahali pakavu, kabla bahari haijamchukua.

Haya mengine yote yalitokea njiani.

*

Hidaya alisoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike. Serikali ikampa kazi katika Wizara ya Uthabiti wa Ardhi, ambayo jukumu lake ni kuhakikisha ardhi haifanyi lolote. Siku moja akaja na gari la wizara, nyuma limebeba mabati matatu mazito yaliyounganishwa kama kona ya chumba, mdomo ukitazama juu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jiko la mkate hilo?"

Akacheka. "Ni kiakisi, Bibi. Huko juu kuna satelaiti. Inapita juu yetu kila baada ya siku kadhaa na kupiga mawimbi ya rada. Mawimbi yanagonga ardhi na kurudi. Kwenye mchanga na majani yanatawanyika ovyo, lakini yakiingia kwenye kona hii yanarudi yote kule yalikotoka. Kwenye picha panatokea nukta inayong'aa. Nukta hiyo ikishuka hata unene wa kucha, tunajua."

"Kinaona mpaka kucha?"

"Kinaona."

"Basi kinaona na sufuria za Bi Semeni."

Sauti ikatoka nyuma ya ua: "Kitazame na mapengo yako, Mwaka! Kama kina macho ya kutosha!"

Hidaya alizunguka kijiji kizima akitafuta mahali peupe, pasipo na mti wala watu wa kupasogeza. Akachagua makaburini. Aliifunga ile pembe ya mabati kwenye saruji, jirani kabisa na jiwe la mama yake, na kwa kuwa kila kituo lazima kiwe na jina katika vitabu vya wizara, hiki akakiandika Zuwena. Alipomaliza kukaza skrubu akapangusa bati kwa ncha ya khanga yake. Hakuwahi kumwona mama yake hata siku moja. Akasema polepole, wala hakuwa anasema nami, "Sasa nitakuwa nakuona."

Sisi Chumvini mgeni hapokewi na vumbi. Kila alfajiri ambayo kile chombo cha juu kilikuwa kinapita, wanawake walifagia makaburi na kuisugua pembe kwa majivu na ndimu mpaka ikawaka. Sheha wetu, Bwana Mkombo, akaongeza amri kwamba siku hiyo watu wavae vizuri na wasigombane nje, maana hatujui huko juu wanatazama nini hasa. Bi Semeni alifukiza udi. Hidaya alituambia kwamba udi haufiki. Bi Semeni akamwambia, "Wewe umefika kupima?"

*

Picha zikaja, na ndani yake mlikuwa na neno.

Hidaya alinieleza kwamba chombo hakipimi kitu peke yake. Kinapima hiki kwa kukilinganisha na kile. Kwa hiyo lazima mtu achague mahali pamoja na kusema: hapa hapaendi popote, hapa ndipo sifuri yangu. Yeye alichagua jabali la Vilimani, ambalo limekaa pale tangu Mungu alipoliweka. Akapima kutoka hapo. Akakuta Chumvini tunashuka. Akakuta bahari inapanda kuja kutupokea. Na akakuta mji mkuu nao unashuka, kwa kuwa nao una visima vyake, na kwamba katika mji mzima hakuna kinachoshuka haraka kama sanamu la Mwasisi, kwa sababu ya uzito wa shaba na maji yaliyovutwa chini yake.

Aliandika hivyo hivyo. Alikuwa bado mgeni kazini.

Waziri wa Uthabiti aliitisha mkutano, na hotuba yake ilirushwa redioni kama mafanikio ya serikali. Nilikuwa nakwangua chungu nikaacha ili nisikie.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeletewa karatasi inayodai kwamba Mwasisi anashuka. Nauliza swali la kitaalamu. Mwasisi hakushuka alipokuwa nyama na damu. Atashukaje akiwa shaba?"

Watu wakapiga makofi.

"Tatizo si ardhi. Tatizo ni sifuri. Tumekuwa tukipima taifa letu kutoka kwenye jabali la porini, jabali ambalo halijapigania uhuru, halijalipa kodi, halina hata kadi ya chama! Kuanzia leo, sifuri ya taifa ni miguu ya Mwasisi. Kila kilima, kila bonde, kila bahari itapimwa kutoka hapo. Na atakayesema sifuri inazama, huyo si mtaalamu, huyo ni mgonjwa, na tutamtibu."

Wakapiga makofi mpaka redio yangu ikakoroma.

Hidaya akaamriwa apige hesabu upya. Akapiga. Mji mkuu ukawa haujashuka hata kidogo. Chumvini, tuliokuwa tunazama sambamba na sanamu, tukawa tumetulia. Na Vilimani, ambako hakuna kilichosogea, kukawa kunapanda.

"Hapo ndipo sikuelewa," nilimwambia alipokuja kunitazama.

"Bibi, unakikumbuka kile kitanda cha kamba kilicholegea?"

"Kilichomtupa marehemu babu yako."

"Hicho. Umekaa na Bi Semeni, kamba zinalegea, mnashuka wote wawili. Ukimtazama mwenzako, ameshuka?"

"Tuko sawa."

"Na ukimtazama mtu aliyesimama mlangoni?"

Nikafikiri. "Nitaona anarefuka."

"Ndiyo Vilimani hao," akasema, na akageuza uso kutazama ukuta.

*

Watu wa Vilimani walipelekewa waraka. Walishtakiwa kwa kosa la kujiinua juu ya Mwasisi bila kibali, wakaamriwa wakate kilele cha mlima wao kwa kiasi walichopanda, na wafanye hivyo kila mwaka.

Ni watu watulivu, wakulima wa maharage na viazi. Wakakata. Siku ya tatu tukawaona wanashuka njia ya Chumvini, msururu mrefu, kila mmoja ana kikapu cha udongo mwekundu kichwani. Mbele alikuwepo mtu mfupi mwenye sauti kubwa, anaitwa Shekiondo.

"Hodi wenyewe! Jamani, tumeambiwa tupungue, tumepungua. Sasa udongo huu tuuweke wapi? Tukiuacha kwetu tutashtakiwa upya. Tukasema, wako wenzetu kule chini wanaoogelea jikoni."

"Nani anaogelea jikoni?" Bi Semeni akamjia juu. "Mimi napika humo!"

"Basi inua miguu, mama, nikumwagie kidogo."

Wakamwaga udongo kwenye vizingiti vyetu, wakaushindilia kwa miguu huku wanaimba. Nyumba zetu zikapata kimo. Hakuna aliyewaomba. Shekiondo aliniuliza yale makaburi ni ya kina nani, nikamwonyesha jiwe la Zuwena. Alirudi njiani, akampokonya mwenzake kikapu cha mwisho, akaenda akakimwaga juu ya mwanangu, akausawazisha kwa viganja vyake kama mtu anayetandika shuka.

Kipimo kilichofuata kikaonyesha Vilimani wamepanda tena. Redio ikawaita wenye kiburi sugu.

*

Niliposikia kwamba ukitaka kuhamisha kaburi unahitaji kibali, nilikwenda mjini. Ofisi ilikuwa ya Bwana Lusewa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alininyanyukia, akanipa kiti chake na kuagiza chai ya maziwa. Nimekunywa chai ofisi nyingi tangu hapo, ile ilikuwa na tangawizi.

"Bibi, marehemu ana shida gani?"

"Yumo majini, mwanangu."

Akaandika kitu, akakifuta. "Tuseme unyevu. Kisheria ni unyevu."

"Bamvua likija, nakuwa sioni hata jiwe."

"Unyevu mwingi." Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Bibi yangu, sheria inaruhusu kuhamisha marehemu pale tu ardhi inapozama. Ardhi haizami. Kwa hiyo marehemu amepumzika, na aliyepumzika hatusumbuliwi na sisi... yaani, hatumsumbui. Ukileta hati ya mtaalamu kwamba Chumvini inazama, mimi nitagonga muhuri hata kama nina homa."

Nikamshukuru. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimamisha magari kwa mkono ili nivuke.

Hidaya alitaka kuandika hati hiyo jioni ile ile. Lakini Waziri alikuwa naye anamtafuta. Wageni kutoka nchi nyingine walikuwa wanakuja kujifunza jinsi nchi yetu ilivyoweza kuzuia ardhi isishuke kwa kutumia sanamu, na ripoti ilihitaji sahihi ya mtaalamu mwenye shahada halisi. Katika wizara nzima mwenye shahada halisi alikuwa yeye peke yake.

"Nimesikia una mama yako kule," Waziri alimwambia, na Hidaya anasema alimwambia kwa upole, kama baba. "Mimi pia nina mama. Weka sahihi hapa kwamba ardhi yote ya pwani imetulia, nami nitatoa neno, mama yako ahamishwe kwa heshima. Nani atakuzuia, binti yangu?"

Alikaa na ile karatasi siku nzima bila kula. Alinipigia simu, akaniuliza makaburini maji yamefika wapi. Nilimwambia yamefika kwenye jiwe. Basi akaweka sahihi.

Tukaenda wote wawili kwa Bwana Lusewa. Hidaya alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika mkoba wangu. Bwana Lusewa akatuagizia chai. Akatuambia neno la Waziri limefika, limefika vizuri, linasema ombi la mama huyu lishughulikiwe haraka kwa mujibu wa sheria. Akafungua sheria. Sheria ilisema tutazame ripoti ya mtaalamu. Akafungua ripoti.

Alisoma. Kisha akasoma tena.

"Mtaalamu anasema ardhi yote ya pwani imetulia," alisema. "Kituo cha Zuwena, kimetulia. Ameweka na sahihi." Akainua macho. "Hidaya binti Zuwena. Ni ndugu yenu?"

"Ni mjukuu wangu," nikasema.

"Ana mwandiko mzuri," akasema Bwana Lusewa, na nadhani hakujua aseme nini kingine, kwa sababu machozi yalikuwa yameanza kuingia ndani ya miwani yake.

Tukashika njia ya kurudi. Kiatu changu kilikatika mkanda. Hidaya akavibeba vyote viwili mpaka nyumbani, kimoja kila mkono. Tulipofika kizingitini akasema, "Bibi, nimemfunga mama kwa mkono wangu."

Nikamkalisha. Nikamwambia, "Ulitaka kumtoa mama yako majini. Kuna mtu atakulaumu kwa hilo? Nioneshe, nimchape." Kisha nikampa uji, na alikunywa, kwa sababu ni mtoto mtiifu.

*

Bi Semeni alisema yeye hajasoma ripoti yoyote na ana jembe.

"Tumchimbe tu. Watatufanya nini? Watatufunga? Jela iko juu, ni pakavu."

Lakini kwenye makaburi kulikuwa na askari. Kwa vile pembe ya bati ilikuwa mali ya serikali, wizara ilimweka askari mmoja, anaitwa Pongwa, ailinde usiku na mchana. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili na mwoga wa mizimu. Kiti chake alikuwa anakisogeza sogeza ili asikalie kaburi la mtu, na bamvua likija alikuwa anapandisha suruali na kusimama ndani ya maji, analinda.

Nilimpelekea muhogo. Nikamweleza.

"Bibi, mkichimba mimi itabidi niwakamate," alisema. "Na pingu zangu zimeshika kutu, sijui nitawafunga na nini. Itakuwa aibu kwetu sote." Akala muhogo, akafikiri. "Lakini Jumamosi nitakwenda kunywa chai. Sijawahi kuondoka hapa kwenda kunywa chai. Nadhani itakuwa chai ndefu sana."

Nilimshika mkono tu.

Basi tukapanga Jumamosi. Bwana Mkombo akasema siku hiyo atakuwa na mafua na hatatoka ndani. Shekiondo akatuma salamu kwamba watu wake watashuka na jeneza, na mahali wameshachimba, penye kivuli, na panaonekana bahari kwa mbali kwa kuwa wamesikia marehemu alipenda upepo. Nikashona sanda mpya. Hidaya akaomba ruhusa kazini. Nililala vizuri wiki ile, jambo ambalo nimekuja kulionea uchungu.

Bahari haikungoja Jumamosi. Ilikuja Ijumaa, watu wametoka tu msikitini, bamvua likiwa na upepo nyuma yake. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Lilipita mikoko, likapita mabwawa ya chumvi, likaingia makaburini, na ukingo wote wa upande ule, uliokuwa umeshalegea kwa chini, ukakatika na kwenda. Niliuona ukienda. Ule udongo mwekundu wa Vilimani ulitia rangi maji kidogo, kisha maji yakawa maji.

Nilikimbia, kama mzee anavyokimbia. Bi Semeni alinishika kiuno, akanizuia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema. Askari Pongwa alikuwa mbele yetu. Alitupa bunduki, akavua kofia akaiweka juu ya kiti kwa adabu, akaingia. Maji yalimfika shingoni. Alizama, akaibuka, akazama. Alikaa humo muda ambao sitaki kuukumbuka. Alipotoka alikuwa amekumbatia jiwe la tumbawe kifuani, kama mtu anayetoa mtoto kwenye moto.

"Bibi," alisema, na meno yanagongana. "Nimepata hili tu. Nisamehe. Nimepata hili tu."

*

Jumatatu Hidaya alikuwa ofisini picha mpya ilipoingia. Wizara haikumpa ruhusa ya msiba, kwa sababu kisheria marehemu alikuwa ameshafariki zamani. Alinipigia.

"Bibi, mama haonekani."

"Najua, mwanangu."

"Pale palipokuwa na nukta pana giza tu. Nimefungua picha mara nyingi. Nilidhani labda nimekosea."

"Hujakosea."

Tukabaki na simu masikioni, hakuna aliyekata.

Siku chache baadaye redio ikasoma taarifa ya wizara. Ilisema katika makaburi ya Chumvini hakuna kushuka kokote kulikorekodiwa na satelaiti, na kwamba hiyo ni mara ya kwanza kwa eneo hilo kutokuwa na taarifa mbaya hata moja. Sheha wetu akaletewa barua ya pongezi.

Mjini nako maji yalimfikia Mwasisi kwenye vifundo vya miguu. Waziri alieleza kwamba bahari, baada ya kusikia habari zake kwa miaka mingi, imekuja yenyewe kumwosha miguu. Chemchemi ya Shukrani ikazimwa, kwa kuwa maji sasa yalikuwa yanakuja bila bomba. Askari Pongwa akashtakiwa kwa kupoteza mali ya serikali, akaachiwa pale pembe ya bati ilipoonekana imenasa kwenye mikoko, imepinda kidogo. Bwana Lusewa alikuja mwenyewe kutoa pole, kwa miguu, ameleta majani ya chai na tangawizi.

Jumamosi iliyofuata watu wa Vilimani walishuka na lile jeneza walilokuwa wameandaa. Nikawaambia hakuna wa kubeba. Shekiondo akasema, "Mama, sisi tumekuja kubeba." Basi tukalaza jiwe ndani, na sanda niliyoishona, na kiganja kimoja cha mchanga wa pale palipobaki. Walilibeba kwa zamu mpaka juu, na kila aliyepokea alisema bismillahi, hata wale ambao si wa dini yetu. Hidaya na Pongwa waliinyoosha pembe kwa nyundo, wakaipandisha, wakaifunga kwenye saruji jirani na jiwe. Katika vitabu vya wizara Hidaya aliandika kwamba kituo cha Zuwena kimehamishwa kwa sababu za kiufundi. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa neno ufundi huwa halina maswali.

Sasa kila baada ya miezi kadhaa redio inasoma vituo vyote vya nchi. Siku hiyo naacha kazi. Bi Semeni anakuja na kigoda chake, anakaa kwenye udongo mwekundu wa kizingiti changu, na tunasikiliza. Wanasoma mji mkuu: umetulia. Wanasoma Chumvini: imetulia, na hapo Bi Semeni huinua miguu ili maji yapite. Kisha msomaji anasafisha koo.

"Zuwena. Inapanda."

Najua maana yake. Nilishaelezwa kwa kitanda cha kamba: yeye hayupo pale, na jabali halijasogea, ni sisi huku chini tunaokwenda. Serikali yetu ilinipa cheti nilipodai maji, ikanipa unyevu nilipodai nchi kavu, na vyote viwili nilivikataa moyoni mwangu kimya kimya. Hiki cha tatu nimekipokea. Kila wakisema mwanangu anapanda, nasema na iwe hivyo, halafu naikaribia redio kidogo, wasije wakasoma tena nisisikie.